Korali Yote Ilikuwa Kijani

Odeti mwanangu,

Umekwenda Musonoi kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Kesho unapanda treni ya Dilolo, kama treni yenyewe itapenda kuondoka, na nimeamua kuiweka barua hii katikati ya madaftari yako ya ualimu, mahali utakapoiona ukiwa umekwisha kufika na huwezi tena kurudi kunifokea.

Sitaandika juu ya kuchemsha maji, wala kufunga mlango, wala wanaume wa mpakani. Mama yako amekwisha kukuambia yote hayo, na yale ya wanaume alikuambia mbele yangu huku akiniangalia mimi. Mimi nina jambo moja tu. Nilikudanganya. Nimekudanganya muda mrefu, na nimechoka kujificha ndani ya nyumba yangu kama panya wa depo.

Vile vidonge ninavyomeza kila asubuhi si vya sauti.

Najua nilikuambia ni vya sauti. Nilisema kiongozi wa korali wa umri wangu lazima atunze koo. Uliniamini, hata ukamtuma rafiki yako Klarisa aje kuomba kimoja, maana sauti ilimkauka siku mbili kabla ya arusi ya dada yake. Nilisimama pale mlangoni nikijipapasa mifuko yote, hata ule wa shati usio na kitu, kisha nikamwambia vimeisha. Ni vidonge vya tansio, mwanangu. Damu yangu inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, na nitavimeza mpaka mwisho wa siku zangu. Sasa nikueleze vilivyoingia humu nyumbani, maana hata na hilo nilikuambia nusu tu.

Unakumbuka mwaka ule ulipokuwa unajitayarisha kwenda Tenke kufanya staji, yale mazoezi ya ualimu. Zoni ya afya ilikuwa imeleta ile kujipima kwa telefone. Mtu anafungua, anajibu maswali: umri, kilo, kipimo cha kiuno, kama anasikia kiu sana, kama anaamka mara nyingi kwenda kukojoa, kama macho yanaona ukungu, kama anakunywa pombe, kama kwao kuna wenye sukari au tansio. Mwishoni inatoa rangi. Kijani, endelea na maisha yako. Manjano, pita kwa muuguzi wiki hizi. Nyekundu, nenda leo hii. Telefone haipimi damu ya mtu, inauliza tu, halafu inamtuma mahali pa kupimwa. Wewe ndiwe uliyeniwekea ndani ya telefone yangu, ukanionyesha pa kubonyeza, ukaniambia, "Papa, ujibu kweli, eh?" Nikakujibu kwamba mimi ni mzee wa kanisa.

Ulipoondoka tu, Pasta akaniita mbele ya watu wote baada ya ibada. "Tata Kabamba," akasema, "sauti yako inasikilikana mpaka ku mashimo ya kompanyi. Weye njo utaambia bantu bajipime." Watu wakapiga makofi. Unanijua nikipigiwa makofi. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyepewa cheo cha gavana.

Nikaona ni vizuri nianze na mimi mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha sebuleni na telefone mkononi. Umri niliandika kweli, hamsini na nne, kwa sababu mama yako alikuwa karibu. Kilo niliandika sitini na nane. Huo ndio uzito niliokuwa nao siku ya ndoa yetu, na sikuona sababu ya kuubadilisha bila taarifa rasmi. Kuhusu pombe niliandika hapana, maana ile chupa ya Jumamosi kwangu ilikuwa kinywaji cha kupunguza joto. Halafu kikaja kiuno. Nilichukua ile metre ya chuma ninayopimia mabomba kule depo kazini, nikaizungusha tumboni, nikavuta pumzi yote ndani, nikasimama hivyo macho yamenitoka, nikijaribu kusoma namba iliyokuwa chini ya kitovu. Mama yako aliweka chini sufuria.

"Ile unapima ni ya mutu mwenye eko anakufa," akasema. "Pumua kwanza, njo upime."

Sikupumua. Niliandika themanini na mbili. Telefone ikanipa kijani nzuri sana, nikaibusu. Jioni ukanipigia kutoka Tenke, nikakuambia, "Vert, mwanangu! Vert kabisa!" Nikakusikia ukiwapigia kelele wenzako kwamba papa wako ana afya ya kijana. Ile furaha yako ndiyo iliyonifunga mdomo baadaye. Kila nilipotaka kukuambia kweli, nilisikia ile kelele.

Jumapili iliyofuata nikaanza kazi na korali ya wababa. Tulikuwa watu kumi na wanne, nawe unawajua, sauti ya bass peke yake inahitaji benchi mbili. Niliona ni kupoteza wakati kila mtu ajaze kwake nyumbani, na wengine hawaoni herufi ndogo. Basi nikawapanga kanisani baada ya mazoezi, nikashika telefone, nikawa nawasomea maswali mmoja mmoja, kwa sauti ileile Pasta aliyoisifu. Korali ya wamama walikuwa wamekaa nyuma wakisubiri zamu yao ya kuimba.

"Tata Mukalay!" nikaita. "Unaamuka mara ngapi kwenda kukojoa?"

Mwanangu, hebu fikiri. Mwanaume wa miaka sitini, aliyeendesha malori makubwa ya mgodi maisha yake yote, anaulizwa habari ya mkojo wake mbele ya wamama ishirini na kinanda. Alisimama wima kama anaapishwa.

"Apana hata mara moja!"

"Kiu?"

"Kiu ni nini?"

"Macho?"

"Naona mpaka Angola!"

Wamama walicheka, mimi nikabonyeza hapana, hapana, hapana. Na aliyefuata hakukubali kushindwa, na wa baada yake vilevile. Mpaka tunamaliza, hakuna mwanaume hata mmoja wa korali yetu aliyekuwa anakojoa. Kumi na wanne, wote kijani. Niliandika majina na majibu yote kwenye karatasi, nikaipiga picha, nikaituma kwa zoni ya afya, na chini yake nikaongeza: Matunda ya kazi ya Tata Kabamba.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sikuwahi kukuambia.

Siku ileile, watu walipotawanyika, Mukalay alinivuta kando, karibu na ngoma. Alikuwa anaongea chini kwa chini, na Mukalay hajui kuongea chini kwa chini.

"Kabamba, ile swali ya kiu. Mi nakunywa maji mingi. Bidon nzima naimaliza, na nasikia kiu tena. Na macho sasa inaanza kuona bitu bibili-bibili."

Nilikuwa na telefone mkononi. Kulikuwa na mahali pa kubonyeza kurudi nyuma na kusahihisha, ulinionyesha wewe mwenyewe. Nikatazama zile kijani kumi na nne zilizopangana vizuri. Nikamwambia, "Ni joto, ndugu yangu. Tuko mwezi wa kumi. Kila mutu anakunywa maji." Akasema, "Njo vile?" Nikasema, "Njo vile." Akanishukuru. Odeti, alinishukuru, akaenda zake.

Wiki iliyofuata, Jumamosi, tukiwa kwenye mazoezi, akaingia mama mmoja mfupi mwenye mkoba mkubwa. Alikuwa Mama Juliana, muuguzi wa zahanati. Alikaa benchi ya mbele, akatusikiliza wimbo mzima bila kutabasamu. Tulipomaliza akatoa karatasi yangu.

"Batata, jambo yenu. Banitumia hii liste. Bantu kumi na ine, wote vert. Hakuna mwenye anakunywa pombe. Hakuna mwenye anafika kilo makumi saba." Akatutazama kutoka upande wa tenor mpaka upande wa bass, akachukua muda wake. "Mi nikasema, hii korali niende niione na macho yangu, mbele Mungu aikamate aipeleke mbinguni."

Nilikuwa nimevaa lile shati la buluu ambalo kifungo cha tatu kilikuwa kimekimbia tangu Pasaka. Nililifunika kwa kitabu cha nyimbo.

Akafungua mkoba, akatoa kipimo cha tansio, akaanza na mimi kwa sababu nilikuwa mkubwa wao. Kile kitambaa hakikutosha kwenye mkono wangu, akatafuta kingine kipana. Kikabana, kikapumua. Akatazama. Akapima tena. Akahamia mkono mwingine. Wanakorali wakasogea kama watu wanaotazama mechi.

"Kumi na tisa," akasema.

"Wimbo namba kumi na tisa?" nikauliza, nikageuka kuwaonyesha wapige.

"Apana, tata. Tansio. Kumi na tisa, na ya mutu muzima ni kumi na mbili. Ikala chini, usiimbe tena."

Nikakaa. Na wewe unajua ni watu wachache sana katika mji huu waliowahi kunizuia kuimba. Nyuma yangu wakapita wengine, mmoja baada ya mwingine, wale wanaume wasiokojoa, na kila kipimo kikawa kinatoa habari mpya. Wengi walikuwa salama, asante Mungu, ila watano hatukuwa hata karibu na kijani. Tukawa tunatazamana kama wanafunzi walionakili jibu baya kwa mwenzao. Mama Juliana akahesabu, akahesabu tena.

"Hapa ni kumi na tatu. Wa kumi na ine eko wapi?"

Hapo ndipo nikakumbuka bidon. Nilimwambia kila kitu palepale, kiu, macho, na nilichomjibu. Hakunikaripia. Alifunga mkoba wake na kusema, "Twende." Tulichukua pikipiki mbili. Ya kwangu ilikwama kwenye matope ya bomba lililopasuka, nikashuka nikakimbia na miguu, nikiwa na kitabu cha nyimbo mkononi, na watu wa njiani wakidhani nimechelewa mazishi.

Mukalay alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani, kichwa kimeanguka kifuani. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Mama Mukalay, mke wake, alikuwa anafua pembeni. "Anachoka tu," akatuambia. "Tangu jana eko analala-lala. Alisema tumuache, ni joto ya mwezi wa kumi."

Yalikuwa maneno yangu, Odeti. Mukalay alimpa mke wake, naye akayatoa kinywani mwake kama dawa ya munganga.

Nilimtikisa. Alifungua macho, akaniita kwa jina la mtu mwingine, akaanza kunielekeza jinsi ya kurudisha lori nyuma. "Kushoto, kushoto, simama." Mama Juliana alimtoboa kidole, akaweka damu kwenye kimashine cha sukari, na kile kimashine hakikuandika namba. Kiliandika herufi mbili tu, kumaanisha sukari imepita kipimo chake. Mama Mukalay aliacha nguo ndani ya beseni. Jirani mwenye pikapu ya kubebea unga akatupakia wote nyuma, na mimi nikashika kichwa cha Mukalay mapajani mpaka hospitali, nikiwa mweupe kwa unga toka nywele mpaka viatu. Mlinzi wa mlangoni aliponiona alitaka kunilaza mimi.

Alilala hospitali wiki tatu. Siku nne za kwanza madaktari hawakutuambia ndiyo wala hapana. Nilikuwa nakwenda kila nikitoka depo, nakaa kwenye benchi la nje. Mama yako alikuwa ananiletea ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, nami narudisha sahani kama ilivyokuja. Siku ya tatu akaniuliza, "Ni nini unaficha?" Nikamwambia. Akasema, "Akiamuka, utamwambia weye mwenyewe. Apana Pasta. Apana mi."

Akaamka. Niliingia, nikafunga mlango, nikamwambia, "Mukalay, uliniambia, na mi nikaacha juu ya rangi. Nilitaka korali yote ikuwe vert." Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Mukalay akitukana, mwanangu, hata malori huzima.

Alitazama dari kwanza. "Mi njo nilianza kusema uongo," akasema. "Wote mungekuwa vert. Mi njo ningekuwa rouge peke yangu? Sawa tomate moja mu sombe?"

Tukacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba tuhurumie kidonda chake. Halafu tukaacha kucheka, kwa sababu alikuwa anautafuta mkono wangu upande ambao haukuwapo. Jicho la kushoto halikurudi. Daktari alisema lilikuwa linaharibika pole pole tangu zamani, na huenda lisingepona hata kama angekuja mapema. Alisema huenda. Hilo neno huenda nimelibeba mpaka leo na sijui nitaliweka wapi.

Jumapili moja, Mukalay akiwa bado amelazwa, niliomba nafasi kanisani. Nikasimama mbele nikasema, bila kupaza sauti, kwamba mimi ni nyekundu, tansio yangu ni kumi na tisa, kilo zangu ni tisini na nne, na nilidanganya. Kisha yule bibi wa benchi ya pili, mama mzee Ngoie, akauliza kwa sauti yake ya kutetemeka, "Ulidanganya kwa ile telefone tu, ao na kwa bitu bingine?" Watu wakaangua kicheko, na aliyecheka zaidi kuliko wote alikuwa mama yako. Lakini baada ya ibada watu wakaanza kuja kwangu, mmoja mmoja, wakitazama nyuma kama wana deni la siri. Wengine hata hawakuwa wa kanisa letu. Walikuja wachimbaji wawili na vumbi la shimoni bado kwenye nyusi, wakaniuliza kama mtu anaweza kujibu bila kusikiwa.

Tangu hapo nafanya hivi: nawapeleka kwenye kile chumba kidogo cha Pasta kinachohifadhi viti vilivyovunjika, nawafungulia telefone, natoka, nafunga mlango. Asiyeona herufi anaingia na mtu anayemchagua mwenyewe. Mimi nakaa nje. Akitoka, simuulizi rangi. Namuuliza tu kama anajua njia ya zahanati, na kama hajui namsindikiza, maana mimi pia lazima nipite pale kupimwa. Kijinga kabisa, Odeti, kwamba ilibidi nifike miaka hii ili nijue mtu hawezi kusema kweli juu ya mkojo wake mbele ya kinanda.

Ulirudi kutoka Tenke ukakuta Mukalay amevaa miwani nyeusi. Nikakuambia aliugua ghafla, Mungu akasaidia. Mungu alisaidia, hilo si uongo. Ghafla ndiyo uongo. Na niliwaomba mama yako na wanakorali wanyamaze mbele yako, wakanihurumia. Nilitaka ubaki na yule papa uliyempigia kelele za furaha.

Kwa nini nakuambia leo? Kwa sababu ya mwezi uliopita. Ulikuwa umejifunika blanketi mbili, meno yanagongana, kitanda kinatetemeka mpaka picha ukutani ikapinda, nami nikakuuliza kutoka mlangoni, "Odeti, uko bien?" Ukanijibu, "Niko bien, papa." Kwa sauti nzuri kabisa. Sauti yangu. Baadaye tukakuta ni malaria ya kukupeleka wodini. Pua uliyorithi kwangu naomba unisamehe, haikuwa katika uwezo wangu. Ila hiyo niko bien, ya kusema u mzima hata kama hu mzima, nilikufundisha mimi, kila siku, mezani, na ningependa uiache hapa Kolwezi usiipakie na masanduku.

Huko Dilolo utakuwa mwalimu mpya, wote watakutazama, na utataka kila kitu chako kionekane kijani. Utajaza ile ya telefone peke yako, mlango umefungwa. Ikikutuma kwa muuguzi, nenda, hata kama wanafunzi wako watakuona kwenye foleni. Na siku mwenzako atakapokuvuta kando karibu na ubao na kuanza kuongea chini kwa chini, acha unalolifanya, umsikilize mpaka mwisho. Sina zaidi ya hayo, na hayo yenyewe niliyapata kwa jicho la mtu mwingine.

Mukalay ameimba Jumapili iliyopita. Sasa anasimama kushoto kwangu ili anione kwa jicho zima, na akijua nimekula chumvi niliyokatazwa anashusha bass yake mpaka chini kabisa, makusudi, kunitisha. Tansio yangu juzi ilikuwa kumi na nne. Mama Juliana alisema naweza kuimba, ila nisipige kelele. Nilimuuliza tofauti.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafunga masanduku, nilijaza tena ile ya telefone, maana mwaka umepita. Niliandika kilo zangu zote. Nilipima kiuno nikiwa napumua. Mwishoni kuna swali huwa sijali: ukipatwa na shida, nani apigiwe simu? Miaka yote nilikuwa naandika namba yangu mwenyewe, yaani nikianguka nipigiwe mimi, nijulishwe. Leo nilikaa na hilo swali mpaka skrini ikazimika mara mbili. Kisha nikaandika Odeti Kabamba, binti, mwalimu, Dilolo.

Ikiita, pokea. Na nikisema niko bien, usiniamini, uniulize mara ya pili.

Papa wako